Zimeni Wi-Fi, kisha mfungue makala moja: barua ya wazi kuhusu kanzidata za maktaba za vyuo vikuu

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Wakurugenzi wa Maktaba, Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)

Waheshimiwa viongozi wetu,

Kabla hamjaendelea kusoma, tunaomba mfanye jaribio dogo. Chukueni simu zenu, zimeni Wi-Fi ya chuo, washeni data ya bando la kawaida, kisha ingieni kwenye tovuti ya maktaba ya chuo chenu na mfungue makala moja ya jarida la kulipia. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, haitoshi, tunataka PDF nzima ionekane. Msimwite mtu wa TEHAMA awaelekeze, wala msiazime nywila ya mtu. Hesabuni dakika.

Makala ikifunguka, mna haki ya kuwapongeza watumishi wenu. Mkikwama kwenye ukurasa unaodai dola 30 au 40 kwa makala moja, mtakuwa mmeona kile anachokiona mwanafunzi wa mwaka wa tatu saa nne usiku akiwa hosteli, pendekezo lake la utafiti likisubiriwa asubuhi. Hatalipa. Atarudi kwenye madesa ya waliomtangulia, au atakwenda steshenari kununua tasnifu ya mtu mwingine na kubadilisha jina la wilaya.

Sisi tunaoandika ni wakutubi wa dawati la marejeo na walimu wa mbinu za utafiti. Hoja yetu ni kwamba vyuo vyetu tayari vina haki ya kusoma kanzidata nyingi, yaani hifadhi za mtandaoni za majarida na makala, baadhi kwa ada nafuu na nyingine bila kulipa hata senti, lakini mlango wake uko mahali ambapo mwanafunzi hapiti, na akishafika ndani hakuna aliyemfundisha kutafuta. Kuurekebisha mlango huo kunahitaji maamuzi yenu kuliko kunavyohitaji bajeti mpya.

Tuanze na mlango wenyewe. Chuo kinapojiunga na kanzidata ya majarida, humkabidhi mchapishaji orodha ya anwani za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wake. Anayekuja kutoka kwenye anwani iliyomo kwenye orodha hufunguliwa bila kuulizwa jina. Anayekuja kutoka kwingine huonyeshwa bei. Utaratibu huu ulifaa enzi ambazo kila msomaji alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba. Leo mwanafunzi anasoma kwa simu, na kampuni ya simu huwachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya pamoja, hivyo haiwezekani kuiandikisha anwani hiyo kuwa ya chuo. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuwa amekaa kwenye kiti cha maktaba, mkutubi anamwona, na bado kanzidata ikamhesabu kuwa mgeni kwa sababu tu simu yake inatumia bando. Wi-Fi ya chuo inapolemewa mchana na wanafunzi wakahamia kwenye bando, wote hutoka nje ya maktaba kwa pamoja bila kujua.

Dawa ya tatizo hili si ngeni. EZproxy, programu ya seva ya kumwingiza msomaji kwenye kanzidata akiwa nje ya chuo, ilitengenezwa mwaka 1999, na tangu 2008 iko chini ya OCLC, shirika la huduma za maktaba. Kazi yake ni nyepesi kuieleza: mwanafunzi popote alipo anaingia kwa namba yake ya usajili na nywila, kisha seva iliyoko chuoni inamwendea mchapishaji kwa niaba yake ikitumia anwani ya chuo. Lakini kuwa na seva si kuwa na mlango. Seva hizi hukwama kwa sababu zilezile kila mahali, na zote zinazuilika.

Ya kwanza ni cheti cha usalama. Seva ya namna hii huipa kila tovuti ya mchapishaji jina jipya lililo chini ya jina lake yenyewe, kwa hiyo inahitaji cheti kinachofunika majina yote ya chini, si jina moja. Cheti cha kawaida kikiwekwa, au kile sahihi kikiisha muda bila mtu kukihuisha, kivinjari hutoa onyo kwamba tovuti si salama. Mwanafunzi aliyeambiwa tangu sekondari ajihadhari na matapeli wa mtandaoni atafunga ukurasa, na hana kosa. Ya pili ni faili ya usanidi. Kila mchapishaji ana mistari yake humo. Akihamia kwenye mfumo mpya au akibadilisha jina la tovuti, mistari hiyo lazima ibadilishwe. Isipobadilishwa mlango hufunguka nusu: ikisiri inaonekana vizuri, lakini kitufe cha PDF kinagoma au kinamrudisha mtu mwanzo. Malalamiko ya aina hii yakifika TEHAMA hujibiwa kwamba seva iko hewani. Ni kweli iko hewani. Tatizo ni mistari minne ya maandishi ambayo haijawahi kuwa kazi ya mtu yeyote.

Kisha kuna nywila. Pale ambapo mwanafunzi anatakiwa kujaza fomu kwenye dawati la maktaba ili apewe akaunti ya pekee, wengi hawaji, na waliokuja husahau nywila ndani ya mwezi. Seva iunganishwe na daftari lilelile la utambulisho ambalo mwanafunzi hulitumia kujisajili na kutazama matokeo. Hapo hata kumwondoa aliyehitimu, jambo ambalo mikataba ya wachapishaji hulidai, hufanyika lenyewe. Na viungo vilivyoko kwenye ukurasa wa maktaba vipitie kwenye seva hiyo. Ni jambo la aibu kueleza, lakini hutokea: seva ipo, inafanya kazi, na orodha ya kanzidata kwenye tovuti ya maktaba inampeleka msomaji moja kwa moja kwa mchapishaji, bila kupita mlangoni.

Ipo ajali nyingine ya kimya kuliko zote. Chuo hubadilisha mtoa huduma wa intaneti, kwa sababu nzuri tu za bei au kasi, na anwani za IP hubadilika usiku mmoja. Intaneti inakwenda vizuri, kila mtu anafurahi, lakini kwa wachapishaji chuo kimetoweka. Hakuna kengele inayolia. Kanzidata zinaendelea kufunguka kwa nje na kuonyesha ikisiri, kwa hiyo hata wahadhiri hudhani ni mkataba uliokwisha. Tunaomba liwe sharti kwenye hati ya mabadiliko yoyote ya mtandao: anwani mpya zimfikie mkutubi wa rasilimali za kielektroniki angalau wiki mbili kabla, na yeye awe na karatasi moja yenye jina la kila mchapishaji, barua pepe ya huduma yake, tarehe mkataba unapoisha na tarehe anwani zilipothibitishwa mara ya mwisho. Karatasi hiyo isikae kwenye kompyuta ya mtu mmoja ambaye akienda likizo au akihamishwa inaondoka naye.

Mtu mmoja anaweza pia kuwafungia wote. Akiweka programu ya kupakua matoleo yote ya jarida kwa mkupuo, mchapishaji huona maelfu ya maombi kutoka anwani moja na kuifunga. Kama anwani hiyo ni ya seva ya EZproxy, chuo kizima kimefungiwa. Programu hiyo ina sehemu ya kuweka kikomo cha upakuaji kwa kila mtumiaji. Iwashwe, na kumbukumbu zake zitunzwe ili aliyehusika apatikane kwa namba yake badala ya adhabu kuwaangukia wenzake. Vivyo hivyo kwa nywila za pamoja zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Zikishatoka nje ya chuo, kuzifuta ndiyo njia pekee, na siku zinapofutwa huwa ni wiki ya kuwasilisha mapendekezo.

Tunajua mnapopanga bajeti mnaletewa takwimu za matumizi, na matumizi yakiwa madogo pendekezo huwa ni kukata. Tafadhali zisomeni takwimu hizo kwa makini. Wachapishaji wengi hutoa ripoti za COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya rasilimali za mtandaoni, ambacho toleo lake la 5 lilianza Januari 2019 na la 5.1 Januari 2025. Ripoti iitwayo TR_J1 huonyesha makala zilizofunguliwa. TR_J2 huonyesha walionyimwa, ama kwa sababu chuo hakina leseni ya jarida hilo, ama kwa sababu idadi ya wasomaji wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja imejaa. Sasa, mwanafunzi aliyekuja kwa bando bila kupita kwenye seva hatambuliki kuwa wa chuo chenu, kwa hiyo hahesabiwi kati ya waliosoma wala kati ya walionyimwa. Ripoti ikionyesha matumizi madogo na walionyimwa karibu sifuri, msikimbilie kusema wanafunzi hawapendi kusoma. Kwanza mkague mlango.

Kuhusu gharama, tuseme wazi. Tanzania, kama nchi iliyo kwenye kundi la zile zenye maendeleo madogo zaidi, iko kwenye Kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa ada nafuu, na taasisi za kundi hilo hazilipi. Nchi za Kundi B hulipa dola 1,500 kwa mwaka kwa taasisi. Mpango huu ulianza na Hinari ya afya mwaka 2002 chini ya WHO, ikafuata AGORA ya kilimo ya FAO mwaka 2003, OARE ya mazingira ya UNEP mwaka 2006, ARDI ya teknolojia ya WIPO mwaka 2009, na GOALI ya sheria na haki ya ILO mwaka 2018. Vyuo vikuu, taasisi za utafiti, hospitali na ofisi za serikali vyote vinaweza kujiandikisha. Kosa la kila siku ni kwamba mwanafunzi anakutana na makala kwenye Google, anabofya, anafika kwa mchapishaji na anaombwa kulipa, ilhali makala hiyohiyo angeisoma bure kama angeanza safari kwenye lango la Research4Life na kuingia kwa jina la chuo. Njia aliyopita ndiyo iliyomponza. Hili halielezwi kwenye bango lolote tulilowahi kuliona ukutani mwa maktaba, na lingetosha kuandikwa kwa mistari miwili.

Nje ya mipango ya vyuo, JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida, humruhusu mtu yeyote mwenye akaunti binafsi ya bure kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni. PubMed Central ina makala kamili za afya na tiba zisizo na malipo, na DOAJ ni orodha ya majarida huria inayokupeleka kwenye makala za namna hiyo. African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998, ina majarida ya bara letu ambayo kanzidata kubwa za Ulaya na Marekani huyaacha nje, na kwa mwanafunzi anayeandika kuhusu Singida au Mtwara mara nyingi ndiko kwenye makala zinazomhusu zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji kikao cha zabuni.

Sasa tufike ndani, mahali ambapo uharibifu ni mkubwa zaidi na husemwa kidogo zaidi.

Chukueni mwanafunzi wa kilimo au lishe anayetaka kuchunguza uelewa wa wakulima kuhusu sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye mahindi mkoani Dodoma. Anachofanya ni kuchukua kichwa chote cha pendekezo lake, maneno kumi na tano au zaidi ya Kiingereza, na kukimwaga kwenye kisanduku. Kanzidata nyingi huchukulia kwamba kila neno lazima liwemo. Hakuna makala duniani yenye maneno yote hayo kwa pamoja, kwa hiyo jibu ni sifuri. Mwanafunzi anaandika kwa imani kabisa kwamba hakuna utafiti uliowahi kufanyika kuhusu suala hili, na msimamizi mwenye wanafunzi arobaini anapitisha. Kumbe sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na uchunguzi wa mlipuko ule umechapishwa kwenye majarida ya kimataifa. Pengo la utafiti lililoandikwa kwenye ukurasa wa tatu si pengo. Ni kosa la kuandika kwenye kisanduku.

Kazi ile ilipaswa kwenda hivi. Swali livunjwe kwenye dhana zake, kwa kawaida tatu au nne, na kila dhana ipewe majina yake yote. Kwenye utafutaji wa kina, kama ule wa EBSCO wenye visanduku vitatu vinavyoweza kuongezwa, kisanduku cha kwanza kiandikwe aflatoxin* OR mycotoxin*. Cha pili kiandikwe maize OR corn OR "Zea mays", kwa sababu Mmarekani huandika corn pale tunapoandika maize, na wanasayansi wengine hutumia jina la Kilatini peke yake. Cha tatu kiwe knowledge OR awareness OR perception*. Cha nne kiwe Tanzania OR Kenya OR Uganda OR "East Africa". Kati ya visanduku kuwe na AND, inayodai dhana zote ziwemo, ilhali OR hukubali lolote kati ya majina. Jina la wilaya lisitiwe mwanzoni, maana waandishi wengi hulitaja ndani ya makala tu na si kwenye ikisiri.

Matokeo yakiwa machache, kiondolewe kisanduku kimoja, na kianze cha tatu, kwa kuwa dhana kama uelewa ndizo zenye majina yasiyotabirika. Yakiwa maelfu, utafutaji ufungwe kwenye kichwa na ikisiri badala ya maandishi yote. Hapa JSTOR huwapoteza wengi: kwa kawaida hutafuta ndani ya maandishi yote, hivyo makala iliyoitaja Tanzania mara moja kwenye tanbihi nayo inaletwa. JSTOR pia ina ukuta unaosogea. Kwa majarida mengi matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya karibuni hayamo. Anayetafuta makala za mwaka jana humo na kuzikosa asihitimishe kwamba hazipo, zipo kwingine.

Alama zina mitego yake. Nyota (*) mwishoni mwa neno huleta viambishi vyote vya nyuma, lakini ikiwekwa mapema mno huleta takataka: rat* ya anayetafuta panya italeta pia viwango na uwiano. PubMed, kanzidata ya tiba, inataka angalau herufi nne, na ukiweka nyota huacha kukulinganishia neno lako na istilahi za MeSH, orodha rasmi ya istilahi za tiba, kwa hiyo wakati mwingine nyota inapunguza matokeo badala ya kuyaongeza. Google Scholar haiitambui nyota ya mwishoni mwa neno, na haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikitangaza laki mbili. AND na OR ziandikwe kwa herufi kubwa. Ukiandika kila kitu kwenye kisanduku kimoja, mabano ni lazima, kwa sababu kanzidata hazisomi kwa mpangilio mmoja: PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, Web of Science hutekeleza AND kabla ya OR, na Scopus kwa miaka mingi ilitanguliza OR. Maneno yaleyale bila mabano yanaweza kukupa majibu tofauti, na hakuna kitakachokuonya. Hata alama za kunukuu zilizopinda, zile zinazotokana na kunakili kutoka kwenye Word, huharibu utafutaji katika baadhi ya kanzidata.

Wanafunzi wetu wa Kiswahili wana shida ya pekee ambayo miongozo ya kigeni haiitaji, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya lugha yetu. Katika kanzidata nyingi nyota hufanya kazi mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayeandika shair* hapati mashairi wala ushairi. Lazima aandike shairi OR mashairi OR ushairi. Mwanafunzi na wanafunzi ni maneno mawili kwa mashine. Isimujamii huandikwa neno moja na wengine, maneno mawili na wengine. Kwa Kiingereza, waandishi wengine huiita lugha yetu Swahili na wengine Kiswahili, kwa hiyo zote mbili ziwemo. Na anayetafuta historia ya kabla ya 1964 bila kuandika Tanganyika ameacha nje sehemu kubwa ya kilichoandikwa. Kioo cha Lugha kipo kwenye African Journals Online, na Swahili Forum husomwa bure. Mwalimu wa fasihi anaweza kuanzia hapo kesho.

Kuna na jambo la kutofautisha kanzidata ya ikisiri na ya makala kamili. Scopus, iliyoanza mwaka 2004, haihifadhi makala. Huonyesha nani aliandika nini na nani alimnukuu, kisha humpeleka msomaji kwa mchapishaji. Mwanafunzi asiyejua hili hudhani maktaba imemdanganya. Hurudi kwenye ikisiri na kuinukuu kana kwamba ameisoma makala yote, na tunaziona tasnifu ambazo kila rejeo limenukuliwa kwa matokeo tu, bila hata neno moja kuhusu mbinu au sampuli, kwa sababu mbinu na sampuli hukaa ndani. Vivyo hivyo kwa viungo: anwani iliyonakiliwa juu ya kivinjari ukiwa ndani ya EBSCO inaweza kufa ukitoka. Kila rekodi ina kiungo cha kudumu, na makala nyingi zina DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho, inayoanza na 10, ambayo ukiiandika baada ya https://doi.org/ inakupeleka kwenye makala hata tovuti ikihama.

DOI imekuwa muhimu zaidi sasa. Programu za akili mnemba hutunga marejeo ambayo yanafanana na ya kweli kwa kila kitu, jina la mwandishi, jina la jarida, mwaka na kurasa, na makala haipo. Msimamizi achague marejeo matano kwenye kila pendekezo na ajaribu DOI zake. Zisipofunguka, vichwa vya makala hizo vitafutwe kwenye Crossref, daftari la mtandaoni la DOI za machapisho ya kitaaluma. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na tunaiona ya lazima kuliko kukagua kama koma imekaa mahali pake.

Yote haya hayafundishiki kwenye ziara ya maktaba ya nusu saa wiki ya kwanza, mwanafunzi akiwa bado anatafuta chumba. Tunaomba vipindi vitatu vya saa mbili, vilivyoandikwa kwenye ratiba na si kwa hisani: kimoja mwaka wa kwanza, viwili kwenye muhula unaotangulia kuandika pendekezo. Kila kundi lisizidi wanafunzi thelathini, na kila mmoja awe na kompyuta au simu iliyoingia kwenye kanzidata, akitafuta mada yake mwenyewe. Mihadhara ya watu mia tatu mbele ya projekta tumeifanya vya kutosha. Inajaza daftari la mahudhurio.

Na kila pendekezo liambatanishwe na ukurasa mmoja wa kumbukumbu za utafutaji: tarehe, kanzidata, maneno kama yalivyoandikwa, idadi ya matokeo, idadi ya makala zilizobaki baada ya kuchujwa, na sababu ya kuchuja. Upewe alama tano kati ya mia. Pasipo na alama, mwanafunzi mwenye mitihani sita hatauandika, nasi hatumlaumu. Ukurasa huo humsaidia msimamizi kuona palipokosewa kwa mtazamo mmoja, badala ya kubishana na sentensi isemayo kwamba hakuna utafiti.

Tasnifu zetu wenyewe nazo zinastahili neno. Vyuo vyetu kadhaa huzihifadhi kwenye DSpace, programu huria iliyotolewa na MIT na kampuni ya HP mwaka 2002. Zikiingizwa kama picha za skana zisizotambuliwa maandishi, hakuna neno ndani yake litakalopatikana kwa kutafuta. Zipakiwe kutoka kwenye faili la mwandishi, kwenye sehemu ya maneno muhimu yaandikwe majina ya wilaya na ya mazao kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ikisiri iwe kwa lugha zote mbili. Mwanafunzi anayetafuta sumukuvu aipate kazi iliyofanywa na mwenzake jengo la pili. Seva hiyo iwe na umeme wa akiba, kwa sababu injini za utafutaji zikiikuta imezimwa mara kwa mara huipunguzia ziara.

Kwa TCU tuna ombi mahususi. Mnapokagua chuo mnaonyeshwa orodha ya kanzidata. Orodha hiyo haisemi lolote kuhusu kusoma. Kwenye miongozo yenu ongezeni kipimo hiki: mkaguzi achague wanafunzi kumi bila taarifa, awape jina la makala iliyo kwenye kanzidata inayolipiwa na chuo, na waifungue kwa bando, nje ya Wi-Fi ya chuo. Iandikwe ni wangapi waliofika kwenye PDF.

Mkishaifungua milango, kampuni za simu zinaweza kuombwa zisitoze data ya masomo, na hapa seva ya maktaba ina faida isiyosemwa: kwa kuwa kila tovuti ya mchapishaji inapita chini ya jina moja la seva ya chuo, kampuni inahitaji kusamehe jina hilo moja tu. Makala ya kawaida ina MB moja hadi tatu. Tunachoomba si kikubwa kwao, lakini ombi lazima litoke ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, kwani la mkutubi halifiki meza inayohusika.

Masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kabla ya wiki ya kwanza tunaomba kila chuo kimteue kwa barua mtu mmoja wa maktaba na mmoja wa TEHAMA, wakiwa na jukumu la kufungua makala moja kwenye kila kanzidata kwa simu yenye bando, kila mwezi, na kuwaletea ninyi matokeo kwenye karatasi moja. Bando hilo lilipiwe na chuo.

Wenu katika kazi,

Wakutubi wa dawati la marejeo na walimu wa mbinu za utafiti